Wapiga kura wa Boston na barabara isiyokuwa ya halmashauri yao

Mei 2007, wapiga kura wa Boston, mji wa bandari ndogo katika kaunti ya Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, walifanya jambo ambalo wachambuzi wa siasa za huko hulitaja mpaka leo wanapotaka mfano wa kura iliyopotea njia. Waliviweka kando vyama vyote vitatu vikubwa (Conservative, Labour na Liberal Democrats), wakawapa viti 25 kati ya 32 vya halmashauri yao ya wilaya watu waliojiita Boston Bypass Independents, yaani wagombea huru wa barabara ya mchepuko. Ahadi yao kuu ilikuwa hiyohiyo iliyobebwa na jina: mji ujengewe barabara ya kuuzunguka, malori yasipite tena katikati yake. Lakini halmashauri ya wilaya nchini Uingereza haijengi barabara. Hiyo ni kazi ya halmashauri ya kaunti, na barabara kuu za kitaifa ni za serikali kuu. Mei 2011 wagombea hao walirudi na viti 4 tu, Conservative wakashika halmashauri, na barabara ya kuuzunguka mji haikuwa imejengwa.

Kisa hiki husimuliwa upesi na hukumu yake hutolewa upesi zaidi: wapiga kura hawakujua nani anawajibika kwa lipi, wakadanganyika, wakajuta, wakarudi walikotoka. Sehemu ya hukumu hiyo ina ukweli, nami nitaieleza kwa haki yake. Hata hivyo, nimeifuatilia historia ya uchaguzi wa halmashauri hiyo na kuilinganisha na ile ya wilaya ya Wyre Forest, kaunti ya Worcestershire, ambako watu waliipigia kura hospitali kwa namna hiyohiyo, na kadiri ninavyozilinganisha ndivyo ninavyozidi kuona kwamba watu wa Boston wamehukumiwa bila kusikilizwa. Walikuwa na lalamiko la kweli na karatasi moja ya kura iliyoweza kulibeba, wakaitumia.

Anayetaka kulielewa lalamiko lenyewe na asimame kando ya John Adams Way asubuhi ya siku ya kazi. Ni barabara pana inayoukata mji, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka uwanja wa soko na kanisa la St Botolph lenye mnara unaoonekana toka mbali kwa sababu nchi yote pale ni tambarare. Barabara za A16 na A52 hukutana hapo. Kusini mwa Lincolnshire ni eneo la kilimo cha mboga, na malori yanayobeba kabichi, koliflawa na viazi kutoka kwenye viwanda vya kufungasha hupita mjini humo pamoja na malori ya bandari, mabasi ya shule na, majira ya joto, msururu wa magari ya familia zinazokwenda ufukweni Skegness. Mto Witham, unaoitwa The Haven unapokaribia bahari, una madaraja machache, kwa hiyo anayetoka upande mmoja wa wilaya kwenda mwingine hana budi kujibana katika njia hizohizo chache. Gari la wagonjwa linalotoka vijiji vya kusini kwenda hospitali ya Pilgrim, iliyo upande wa kaskazini, hujibana humo pia. Mtu aliyekaa kwenye foleni hiyo kila siku kwa miaka ishirini hahitaji mwanasiasa wa kumweleza kwamba pana tatizo.

Sasa tuje kwenye madaraka, maana ndipo lawama inapoegemea. Katika maeneo ya Uingereza yenye ngazi mbili za serikali za mitaa, halmashauri ya kaunti hushika barabara, elimu, huduma za jamii na maktaba, na halmashauri ya wilaya hushika mapipa ya taka, vibali vya ujenzi, makazi, afya ya mazingira na kumbi za michezo. Mgawanyo huu ulianza kazi Aprili 1974, na kwenye karatasi hauna utata. Nyumbani kwa mwananchi ni habari nyingine. Kila mwaka, kabla ya Aprili, hupokea bahasha ya kodi ya halmashauri. Juu ya karatasi pana jina na nembo ya halmashauri ya wilaya, kwa kuwa ndiyo inayokusanya kodi hiyo kwa niaba ya wote. Chini yake mna mistari midogo: kiasi cha kaunti, kiasi cha polisi, kiasi cha wilaya na, vijijini, kiasi cha baraza la kijiji. Mstari wa kaunti ndio mkubwa kuliko yote. Mstari wa wilaya, mwenye nembo, ni sehemu ndogo ya jumla. Kwa hiyo anayelipa hulipa kwa wilaya, hudaiwa na wilaya, na akichelewa huitwa mahakamani na wilaya, ilhali fedha zake nyingi zinakwenda kwenye ofisi za kaunti mjini Lincoln, mji ambao pengine huufikia mara mbili kwa mwaka. (Jambo hili linawagusa pia wasomaji wa Kiswahili waishio huko: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, wakiwemo wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, wenye kibali halali cha kuishi Uingereza, wana haki ya kujiandikisha na kupiga kura katika chaguzi za halmashauri na hata za bunge. Bahasha wanayopata ni hiyohiyo.)

Husemwa: basi wangelipeleka lalamiko lao kwenye uchaguzi wa kaunti. Ni hoja nzuri mpaka mtu ahesabu. Baraza la kaunti ya Lincolnshire lilikuwa na viti 77 wakati huo, na wilaya ya Boston ilikuwa na madiwani wasiofika kumi kati yao. Tuseme watu wa Boston wamekubaliana wote, mpaka mtu wa mwisho, na wamewapeleka Lincoln madiwani wao wote kwa ajili ya barabara hiyo. Wangefika huko wakiwa kikundi kidogo mbele ya wingi usiopita kwenye foleni yao hata siku moja, na wenye barabara zao wenyewe za kudai. Uchaguzi wa bunge haukuwa na nafasi kubwa zaidi, kwani jimbo ni moja na mbunge ni mmoja kati ya zaidi ya 600. Chombo pekee ambacho watu wa Boston waliweza kukishika chote, kwa siku moja na kwa kura zao peke yao, ni halmashauri ya wilaya. Waliposhindwa kumpigia kura mwenye mamlaka, walimpigia kura yule ambaye sauti yake mwenye mamlaka asingeweza kujifanya hakuisikia.

Neno hilo la sauti lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Halmashauri ya wilaya hailazi lami, lakini inaandaa mpango wa matumizi ya ardhi, inaamua nyumba mpya zijengwe wapi, na inaweza kumdai mwendelezaji achangie miundombinu kabla ya kupewa kibali. Barua ya halmashauri kwa waziri wa uchukuzi si sawa na barua ya chama cha wakazi. Na ukifuatilia yaliyokuja baadaye utaona kwamba kipande cha kwanza cha barabara ya kuuzungukia mji upande wa kusini, eneo la Wyberton, kilipatikana kwa njia hiyohiyo ya vibali: mradi wa nyumba, maduka na uwanja mpya wa klabu ya Boston United uliruhusiwa pamoja na kipande cha barabara ndani yake. Si mchepuko ulioahidiwa, na chama kilichouahidi hakikuwa tena madarakani. Lakini yanaonyesha kwamba kusema wilaya haina chochote cha kufanya kuhusu barabara ni kusema zaidi ya ukweli.

Tarakimu ya 25 kati ya 32 nimeirudia mara nyingi kichwani, kwa sababu kila upande huitumia vibaya. Wanaowatetea wagombea wa mchepuko huisoma kama kwamba karibu wananchi wanane kati ya kumi walisema neno moja. Sivyo. Wilaya za Uingereza huchagua madiwani kwa kura nyingi tu, na kata nyingi zina viti viwili au vitatu, ambapo mpiga kura hupewa kura nyingi kama viti. Chukua kata ya viti viwili yenye wapiga kura 1,000. Kundi moja likipata watu 420 watakaowapigia wagombea wake wote wawili, na wengine 580 wakagawanyika kwa vyama vitatu, kundi hilo hutwaa viti vyote viwili, na wale 580 huondoka mikono mitupu. Hilo likitokea kata baada ya kata siku hiyohiyo, baraza zima hugeuka. Ndivyo ilivyo pia upande wa pili: mwaka 2011 kushuka hadi viti 4 hakuna maana kwamba waliokuwa wakiitaka barabara walibaki mtu mmoja kati ya wanane. Mfumo uleule uliowapandisha juu kupita kiasi uliwashusha kupita kiasi. Anayesema 2011 ni ushahidi kwamba mji ulijuta na aeleze kwanza kwa nini 2007 isiwe ushahidi kwamba mji uliamua. Tarakimu hizo mbili zimepimwa kwa mizani moja mbovu, na haifai kuiamini pale tu inapotupa jibu tunalolipenda.

Sasa upande wa pili, ambao una watu makini na hoja nzito. Ya kwanza ni kwamba halmashauri haiongozwi kwa jambo moja. Siku ya kwanza baada ya ushindi, madiwani wale 25 walikabidhiwa bajeti, wafanyakazi, nyumba, maombi ya vibali na ratiba ya mapipa, na mpiga kura hakuwa amewauliza neno kuhusu lolote kati ya hayo. Diwani wa chama kikubwa huja na msimamo unaojulikana. Ukimchagua wa Labour unaweza kukisia atasema nini kodi ikipandishwa. Diwani wa barabara hakisiki. Ya pili inahusu usimamizi. Baraza ambalo kundi moja lina viti 25 na wote waliobaki wana 7 halina wa kutosha wa kuuliza maswali magumu kwenye kamati, na hili ni kweli bila kujali wema wa walioshinda. Ya tatu, ambayo kwangu ndiyo inayouma zaidi, ni kwamba kura ya namna hii inaweza kumwokoa mkosaji. Halmashauri ya kaunti ndiyo iliyostahili kujibu kuhusu barabara. Lakini lalamiko lilipohamia wilayani, wilaya ndiyo iliyobeba lawama ya kushindwa, na waliobeba lawama waliadhibiwa 2011 kwa kutokujenga kitu ambacho sheria haikuwapa kukijenga. Mwenye mamlaka alikaa pembeni.

Hoja hiyo ya tatu siwezi kuipinga yote. Ninachosema ni kwamba inalaumu mgawanyo wa madaraka kuliko inavyomlaumu mpiga kura. Ikiwa nyumba imejengwa na milango miwili, mmoja una kengele na mwingine una mwenye nyumba, mgeni akipiga kengele hatuwezi kumwita mjinga.

Wyre Forest inasaidia kuona jambo hili kwa upana, kwa sababu huko kila kitu kilitokea mapema na kwa mfumo tofauti wa uchaguzi. Wilaya hiyo ina miji mitatu: Kidderminster, uliojulikana kwa mazulia, Stourport na Bewdley. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakuu wa afya waliamua kwamba huduma za dharura za kaunti zikusanywe Worcester na Redditch, na mwaka 2000 idara ya ajali na dharura ya Kidderminster ikafungwa. Mji wenye watu zaidi ya 50,000 ukaambiwa kwamba anayepatwa na mshtuko wa moyo atapelekwa zaidi ya kilomita 20. Watu wakaunda chama chao, Health Concern, kikaingia kwenye uchaguzi wa halmashauri ya wilaya mwaka 1999, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikawa kikubwa kuliko vyama vingine ndani ya baraza. Halmashauri ya wilaya haina mamlaka juu ya hospitali, kama isivyo na mamlaka juu ya barabara. Lakini mwaka 2001 chama hicho kilimsimamisha Richard Taylor, daktari mstaafu aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali hiyohiyo, agombee ubunge dhidi ya David Lock wa Labour, aliyekuwa waziri mdogo. Taylor alishinda kwa kura 17,630 za ziada. Mwaka 2005 alishinda tena, na akaangushwa 2010.

Ni haki kusema kwamba Liberal Democrats hawakusimamisha mgombea dhidi yake 2001, jambo lililomrahisishia njia. Hata hivyo, asilimia 58 ya kura zote zilizopigwa haielezwi na ukarimu wa chama kimoja. Idara ya dharura haikurudishwa, na ukipima kwa kipimo hicho tu, Health Concern ilishindwa kama wale wa Boston. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo jina la Kidderminster lilitajwa katika wizara na katika vikao vya wabunge kama onyo: fungeni hospitali bila kuwasikiliza watu, na haya ndiyo yatakayowapata. Mwaka 2003 serikali iliunda jopo huru la kuyapitia mabadiliko ya huduma za hospitali yanayobishaniwa na wananchi. Sidai kwamba kura za wilaya ya Wyre Forest peke yake ndizo zilizolileta jopo hilo. Nasema ni vigumu kuieleza historia yake ukiiruka Kidderminster.

Kwa nini basi kundi la Kidderminster lilidumu na la Boston likayeyuka? Sababu ni nyingi, na hospitali ina uchungu ambao barabara haina. Lakini sababu moja ni ya kimfumo, nayo haizungumzwi inavyostahili. Boston huchagua madiwani wote kwa siku moja, kila baada ya miaka minne. Wyre Forest, hadi ilipobadilisha utaratibu mwaka 2015, ilichagua kwa theluthi: kati ya viti 42, theluthi moja ilipigiwa kura kila mwaka kwa miaka mitatu, na mwaka wa nne ulikuwa wa uchaguzi wa kaunti. Chini ya utaratibu wa theluthi, wimbi hata liwe kubwa kiasi gani haliwezi kuchukua zaidi ya viti kumi na vinne kwa mara moja. Walioingia mwaka wa kwanza hukaa na wazoefu wa vyama vingine, hujifunza namna ya kusoma bajeti, huona mipaka ya mamlaka yao, kisha huwaeleza wapiga kura kabla ya theluthi inayofuata. Mwananchi naye hupata nafasi ya kuongeza au kupunguza kila Mei. Kama Boston ingechagua hivyo mwaka 2007, wagombea wa mchepuko wangeingia na viti visivyozidi kumi na kimoja, wangekuwa kundi la kuheshimiwa, na wangelazimika kupatana na wengine tangu siku ya kwanza. Naamini wangedumu zaidi, na lalamiko lao nalo lingedumu.

Wapinzani wa theluthi wana jibu lao, nalo si dogo. Uchaguzi wa kila mwaka hugharimu fedha, huwachosha wapiga kura, na huwafanya madiwani waogope uamuzi mgumu kwa kuwa daima kuna kura ndani ya miezi michache. Uchaguzi wa jumla humpa mshindi miaka minne ya kufanya kazi, na humpa mwananchi siku moja iliyo wazi ya kuwaondoa wote. Hoja hiyo ya siku iliyo wazi ndiyo hasa watu wa Boston waliyoitumia, mara mbili. Wyre Forest yenyewe iliacha theluthi na kupunguza viti kuwa 33. Ila Health Concern haikufa kwa mabadiliko hayo: baada ya uchaguzi wa 2019, miaka ishirini tangu iingie barazani, ilikuwa ndani ya muungano ulioongoza halmashauri, mpaka Conservative walipoitwaa tena 2023. Chama kilichojifunza kazi polepole kilikuwa na mizizi ya kuhimili upepo.

Turudi Boston, maana yaliyofuata huko ndiyo yanayonifanya nilione suala hili kuwa kubwa kuliko barabara. Mwaka 2015, baraza likiwa limepunguzwa kuwa viti 30, UKIP, chama kilichotaka Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, ilipata viti 12, kimoja tu nyuma ya Conservative. Mwaka mmoja baadaye, katika kura ya maoni kuhusu Umoja wa Ulaya, asilimia 75.6 ya waliopiga kura Boston walitaka kutoka, kiwango cha juu kuliko wilaya yoyote ya Uingereza. Waandishi wa habari walimiminika mjini kutafuta maelezo, na wengi waliyapata katika idadi ya wafanyakazi waliotoka Poland, Lithuania na Latvia kuja kufanya kazi mashambani na viwandani. Maelezo hayo si ya uongo. Lakini yanaanza hadithi katikati. Miaka tisa kabla ya kura hiyo, mji huohuo ulikuwa umeshavitupa nje vyama vikubwa, kwa amani, kwa penseli na karatasi, kuhusu jambo lisilo na uhasama na mtu yeyote: foleni ya malori. Uliomba kitu kinachoweza kupimwa kwa kilomita na kwa fedha. Haukupewa, na walioomba kwa niaba yake walichekwa. Siwezi kuthibitisha kwamba mchepuko ungebadilisha kura ya 2016, wala sidhani kwamba mtu yeyote anaweza. Ninaloliona kwenye matokeo ya chaguzi hizo, yakipangwa kwa miaka, ni mji unaotafuta chombo kinachosikika, ukijaribu kimoja baada ya kingine, kila mara kikubwa na kikali kuliko kilichopita. Mwaka 2024 jimbo la Boston na Skegness lilimpeleka bungeni Richard Tice wa Reform UK, chama cha mrengo wa kulia. Kwenye halmashauri yenyewe, wagombea wasio wa vyama vya kitaifa walikuwa wamekwisha kurudi kwa nguvu katika uchaguzi wa 2023, kana kwamba mwaka 2007 haukuwa kosa la mara moja.

Haya yote yana haraka mpya. Desemba 2024 serikali kuu ilitangaza kwamba inataka kuondoa ngazi mbili kote zilikobaki, na mahali pake ziwepo halmashauri za ngazi moja zenye mamlaka yote, kila moja ikihudumia, kama mwongozo, watu 500,000 au zaidi. Katika maeneo mengi zimepangwa kuanza kazi Aprili 2028. Wanaounga mkono mpango huu wana hoja ambayo kisa cha Boston kinaipa nguvu kuliko chochote nilichokisoma: mpiga kura atapata bahasha moja, nembo moja na mstari mmoja mkubwa, na aliyetajwa juu ya karatasi ndiye atakayekuwa na mamlaka ya kujenga barabara. Ahadi ya mwaka 2007 isingekuwa tena nje ya uwezo wa wanaoahidi. Nakubali kwamba hii ni faida ya kweli, na wanaotaka kuzitunza wilaya kwa ajili ya historia tu hawajaijibu.

Lakini sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao 70,500 katika wilaya ya Boston. Katika halmashauri ya watu nusu milioni, hao ni mtu mmoja kati ya saba. Baraza jipya likiwa na viti 77, kama lilivyokuwa la kaunti zamani, Boston itapata kama kumi na kimoja. Hiyo ni hesabu ileile iliyowafanya watu wa Boston wasipeleke lalamiko lao Lincoln. Tofauti ni kwamba safari hii hakutakuwa na baraza dogo la kulishika lote. Mamlaka na kura vitakuwa mahali pamoja, ila mji hautakuwa na wingi mahali hapo.

Na Kidderminster haitapata hata hiyo faida ya kwanza. Wilaya ya Wyre Forest, yenye watu 101,600, itamezwa na halmashauri kubwa yenye barabara, shule, mapipa na vibali vyote mkononi, lakini hospitali zitabaki zilipo leo, chini ya vyombo vya afya ambavyo wajumbe wake hawachaguliwi na mwananchi. Uamuzi mwingine kama ule wa miaka ya 1990 ukija, atakayetaka kuupinga kwa kura ya halmashauri atakuta bado anampigia asiyehusika, na zamu hii atahitaji kuwashawishi watu wa miji mitano au sita ambayo hospitali zao hazijaguswa.